Nyumba zangu za Mji Mkongwe zinalala nyuma kwenye picha: ninunue lenzi pana?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Wete, Pemba, sasa nasoma Unguja. Nina kamera ya Canon yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) na lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo dukani. Nikipiga nyumba za Mji Mkongwe zinalala nyuma kama zinataka kuanguka. Kuta nyeupe zinatoka kijivu. Mara nyengine nilipanda boti niupige mji mzima kutoka baharini, nikapata maji mengi, mbingu nyingi na uzi mwembamba wa majumba katikati. Wenzangu wananambia ninunue lenzi pana zaidi, inayoingiza eneo kubwa kwenye picha. Je, itanisaidia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Haitakusaidia, na huenda ikakuzidishia tabu.

Nyumba inalala kwa sababu umeinua kamera kuitazama juu. Sensa ikisimama sambamba na ukuta, mistari ya wima inabaki wima, hata kwa lenzi pana kiasi gani. Ukiinamisha sensa tu, kona za nyumba zinaanza kukaribiana kuelekea juu. Lenzi pana inakuruhusu usogee karibu, ukisogea karibu unainua kamera zaidi, na nyumba inalala zaidi. Waashi wetu hawajengi ukuta bila timazi na pimamaji. Na wewe washa alama ya pimamaji kwenye kioo kama kamera yako inayo. Kama haina, washa mistari ya gridi, ulinganishe mistari ya pembeni na kona za jengo kabla ya kubonyeza.

Sasa hesabu kidogo, maana hapa ndipo Mji Mkongwe unapotubana. Kwa sensa yako na lenzi kwenye 18, kamera umeisimamisha wima na haikuinuliwa hata kidogo, kila mita 1 ya ukuta iliyo juu ya usawa wa jicho lako inataka urudi nyuma mita 1.6. Nyumba ya mita 12 itakutaka usimame kama mita 17 kutoka ukutani. Ukiilaza kamera ni mbaya zaidi: karibu mita 25. Mita 17 utazipata wapi Kiponda au Hurumzi? Kichochoro cha mita 3 hakikupi hata mita 2 juu ya jicho lako, yaani mlango na nakshi ya juu yake, basi. Nahisi ndiyo sababu moja milango ya Zanzibar imepigwa picha mpaka imechoka, na roshani zilizo juu yake hazijulikani.

Kwa hiyo vichochoroni usilazimishe nyumba nzima. Piga kipande: baraza na kivuli chake, roshani moja, pembe mbili za kuta zinazokaribia kugusana. Au geuza shauri: simama chini ya wikio, pale nyumba mbili zilipounganishwa kwa chumba juu ya njia, elekeza kamera juu moja kwa moja. Kamera ikiinuka kabisa, mtazamaji anaelewa kuwa umekusudia. Ikiinuka nusu, anadhani umekosea.

Nyumba nzima ipige pale mji ulipoacha nafasi: Forodhani, Mizingani, uwanja wa kanisa la Mkunazini, ndani ya Ngome Kongwe, bustani ya Jamhuri. Maji yakitoka, mbele ya Mizingani unaweza kushuka ufukweni ukaongeza hatua kadhaa za kurudi nyuma. Angalia jedwali la maji. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, huwa yanajaa alasiri, kwa hiyo usitarajie mchanga wakati jua linapendeza. Ukipiga hivi, kamera ikiwa sawasawa, sehemu kubwa ya nusu ya chini ya picha itakuwa lami na pikipiki. Ikate bila huruma. Picha ya megapikseli 24 ukiiondoshea theluthi inabaki na 16, na hizo zinatosha kuchapisha ukutani.

Njia nyengine ni kupanda. Ukisimama kwenye usawa wa katikati ya jengo unalolipiga, huna haja ya kuinua wala kuinamisha chochote. Nyumba nyingi zimekuwa hoteli na mikahawa yenye mapaa ya kukaa. Agiza chai, omba ruhusa, upige kwa utulivu. Hiyo chai ni rahisi kuliko lenzi yoyote.

Programu za kunyoosha mistari zipo, hata kwenye simu, nami nazitumia. Lakini zinanyoosha kwa kuivuta sehemu ya juu ya picha, kwa hiyo unapoteza sehemu za pembeni na nyumba inakuwa na kichwa kikubwa. Ukijua utanyoosha, acha nafasi pana pembeni wakati wa kupiga, na usinyooshe mpaka mwisho. Mimi huacha mlalo kidogo kwa majengo marefu, kwa sababu jicho lenyewe limezoea kuona hivyo.

Kuta nyeupe. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui chokaa. Kila kinachojaa fremu kinakichukulia kama kijivu cha wastani. Ukuta mweupe ukijaa fremu, bonyeza kitufe cha +/- uongeze alama 1, kisha tazama grafu ya mwanga: mlima usogee kulia bila kugonga ukingo. Kichochoroni ni kinyume chake. Ukiacha utepe wa mbingu uingie juu, kamera inaogopa mwanga ule na kuitia giza njia yote. Itoe mbingu nje ya fremu. Piga faili ghafi, ile iliyoandikwa RAW kwenye menyu, usamehewe makosa madogo.

Watu wanakuambia usipige saa sita mchana. Kwa Forodhani ni kweli. Vichochoroni, mchana ndio wakati pekee jua linapofika chini: linateremka sambamba na ukuta, na kila mkwaruzo wa plasta unaonekana. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kama tarehe 8 Oktoba. Siku zinazozunguka tarehe hizo ingia Mkunazini adhuhuri.

Upande wa baharini una kalenda yake, na hapa wageni wengi wanakosea. Majengo ya Forodhani na Mizingani yanatazama kaskazini-magharibi. Mwezi wa Juni jua linazama kaskazini ya magharibi, na jioni linayapiga majengo hayo usoni. Disemba linazama upande wa kusini, mwanga unapita ubavuni. Ukitaka rangi ya dhahabu iliyosambaa kuta zote, ni wakati wa kusi, katikati ya mwaka. Ukitaka nakshi za roshani za lile jumba la Mizingani lililowahi kuwa zahanati, alilolianzisha mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, basi mwanga wa ubavuni wa Disemba ndio unaochonga mbao zile vizuri. Asubuhi jua liko nyuma ya mji wote. Lala tu.

Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Forodhani, usiipige kwa kuigiza kadi za posta za zamani. Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883. Mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jengo baada ya mashambulizi ya meli za Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara huo, watu wawili wakafariki. Ukikuta uzio wa ujenzi, uache uonekane. Miaka 30 ijayo picha hiyo itatafutwa kuliko zile za jua likizama.

Kuhusu magharibi: jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na giza linaingia upesi. Una kama dakika 20 tu ambapo mbingu ya buluu na taa za majengo zinalingana. Weka tripodi mapema, tundu la lenzi f/8, aiso (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, shata (pazia la kuingizia mwanga) ikae wazi sekunde kadhaa, bonyeza kwa saa ya kuhesabu ili usiitikise kamera. Wakati huo huo watu wako msikitini na vichochoro vinapungua watu, jambo jema kwa mpiga majengo. Usitege tripodi mbele ya mlango wa msikiti, na watu wakitoka shusha lenzi.

Tuje kwenye ule uzi mwembamba wa baharini. Jengo la mita 25 ukiwa kilomita 1 kutoka kwake, kwa 18 linachukua kama asilimia 3 ya kimo cha picha. Kwa 55 linafika asilimia 9. Ndiyo maana hukupata kitu. Kwa milimita 250 linafika asilimia 42, na minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu inasogea karibu na mapaa ya mbele kana kwamba ni jirani. Kwa hiyo kama mkono unakuwasha wa kununua, nunua lenzi ndefu, ile ya 55-250. Iliyotumika haina tabu ukiikagua kioo hakina kuvu, maana kwa unyevu wetu kuvu ni jambo la kawaida.

Usitegemee boti ya Pemba kwa kazi hii. Inaingia kutoka kaskazini, na kinachotangulia ni bandari na makontena yake, ambayo bila ruhusa ni bora usiyapige, sawa na Ikulu na sehemu za askari. Boti ya Dar inaupita uso wa mji, nao unakuwa upande wa kulia unapoingia. Bora kuliko zote ni boti ndogo zinazorudi kutoka kisiwa cha Changuu alasiri: miezi ya katikati ya mwaka jua linakuwa mgongoni mwako na mji mzima uko mbele. Shata isishuke chini ya 1/1000, kwa sababu boti inaruka. Usiegemeze kiwiko kwenye ubao, mtetemo wa injini unapanda mpaka kwenye lenzi. Kaa, bana viwiko kifuani, piga fremu nyingi za wima zinazopandana kwa theluthi, uziunge nyumbani ziwe picha moja.

Na droni, kwa kuwa najua swali linalofuata: haipandishwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa Kisauni uko karibu mno na mji kwa mtu kujaribu bahati yake.