Ulimit usiijaribie kwenye teminali ya kazi, wadogo zangu

Jana jioni hapa ofisini Njiro nimemkuta dogo wa fildi anapiga ulimit -n 100 (amri ya kuweka kikomo, hapa mafaili 100 tu yafunguliwe kwa pamoja) kwenye dirisha lilelile analowashia mfumo wa kazi. Aisee, roho ilinipaa. Nimemnyanyua kwenye kiti.

1. Jaribio la limiti lifanyieni ndani ya mabano, yaani (ulimit -n 100; ./jaribu.sh), mabano yanafungua sheli ndogo (sheli ndiyo inayopokea amri zenu kwenye teminali), ikifa inakufa na limiti yake.

Hili nililijua kwa machozi. Ilikuwa Julai, baridi la Arusha lile mnalolijua, watalii wamejaa, nahudumia mfumo wa kubuki safari wa kampuni moja. Mchana nikashusha -n hadi 256 nione programu italalamikaje, nikaona, nikasahau. Jioni nikaizima nikaiwasha tena kutoka dirisha lilelile, na prosesi, yaani programu iliyowashwa, inarithi limiti za sheli iliyoizaa, hata mimi nilikuwa nalijua hilo. Saa mbili usiku wateja wakaongezeka, kila muunganisho unakula nafasi ya faili moja, mfumo ukagoma. Nikauwasha upya, ukafa. Nikaandika 65535 kwenye limits.conf, faili la limiti za mayuza, nikauwasha, ukafa tena, maana lile faili linasomwa unapologini, sio kwenye sheli iliyo wazi tangu asubuhi. Nikajaribu kupandisha kwa mkono, ikanikatalia, sababu bila -S unashusha zote mbili, laini (inayotumika sasa) na ngumu (dari yake), na ngumu ukishaishusha huipandishi kama sio ruti, msimamizi mkuu wa mashine. Saa saba usiku, koti mwilini, ndo nikakumbuka kusoma /proc/PID/limits ya ile prosesi (PID ni namba yake): laini 256, ngumu 256. Nikatoka, nikalogini upya, dakika moja mfumo ukasimama. Asubuhi mama mwenye kampuni akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wageni wangu wa jana wako wapi?" Sikuwa na jibu.

2. Kwa hiyo -S kila mara jamani, inagusa laini tu.

3. -u inahesabu prosesi zote za yuza, sio za sheli yako tu. Ukiweka 50 wakati yuza anazo 80, hata ls haifunguki.

4. -v, kikomo cha memori pepe, ni kwa kilobaiti. -m, ya memori halisi (RAM), kwenye Linux ya leo haifanyi kitu, achaneni nayo.

5. Huduma za systemd (programu inayowasha huduma za Linux) hazisomi limits.conf, wekeni LimitNOFILE kwenye faili la yuniti, yaani faili la mipangilio ya huduma.

Na wewe dogo wa jana, lile dirisha nimelikuta asubuhi bado liko wazi. Lifunge kabla hujawasha chochote.