Maji yataenda wapi? Ukuta wangu wa Kadutu na kibali nilichokidharau

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia ujumbe saa nne usiku. "Mkubwa, nimepata parseli ya kujenga huku Panzi, imelala kwenye mteremko. Fundi ananiambia ukuta wa kuzuia udongo hauombewi kibali, eti kibali ni cha nyumba. Ni kweli?" Akaweka na picha: udongo mwekundu umekatwa wima kama mkate, mawe yameshamwagwa, na fundi mwenyewe amesimama pembeni anacheka.

Nilimjibu neno moja: simama. Kisha usingizi ukanikimbia, maana fundi wangu naye alicheka hivyohivyo mwaka 2021.

Sisi watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunajuana. Ukishika vidola viwili vitatu unataka kwako mwenyewe, na Mungu akisaidia, ukae barazani ulione ziwa. Lakini tambarare zilikwisha zamani. Kilichobaki ni mteremko. Unaununua, unauchimba upate uwanja, udongo uliouchimba unaumwaga upande wa chini, halafu unaujengea ukuta usiondoke. Ndiyo maana huku ukuta unatangulia nyumba.

Yangu iko Kadutu. Ukuta ulikuwa na urefu wa mita 14, kimo cha mita 3 na unene wa sentimita 40 kuanzia chini hadi juu, mawe na simenti, ukapigwa lipu ukapendeza. Kibali? Shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, alipita, akaangalia, akapewa ya soda, akaenda zake. Nikajiona mjanja. Nilipiga hata picha nikaweka Facebook, "Mungu ametenda", watu wakanipongeza. Ile picha sijaifuta hadi leo, sijui kwa nini.

Upande wa chini anakaa mama mmoja mjane anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni. Mara mbili alipanda kuniona. "Baba, ukuta wako unatoka jasho." Nikamwambia ni simenti mbichi, itakauka. Aliporudi mara ya pili nikamtuma mtoto amwambie sipo. Nilikuwa nimekaa sebuleni. Nimepoteza pesa nyingi katika habari hii, lakini kinachonichoma ni ule uongo wa "baba hayupo".

Ikaja mvua ya Aprili 2022, usiku. Sikusikia kishindo, nilisikia kelele za watu. Nilipotoka na tochi ya simu, nusu ya uwanja haikuwepo. Ukuta haukuvunjika vipandevipande. Ulikuwa umelala kifudifudi, karibu mzima, juu ya jiko la yule mama, na mgongoni mwa ukuta tope lilikuwa bado linatiririka. Mama na wajukuu zake walikuwa wamelala chumba cha upande wa pili. Hakuna aliyekufa. Sentensi hiyo naiandika haraka na kupita.

Ya kwa shefu wa kartie, ya kumjengea jiko jipya na mabati, ya madeni, nayaruka. Kila mtu anajua deni lilivyo.

Mwaka 2023 ndipo nilipoanza kufuata karatasi za kuujenga ukuta upya. Ya kwanza ni ya ardhi yenyewe. Kama ulichonacho ni barua ya kuuziana tu, yenye sahihi ya mashahidi, hapo bado. Kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo ni wa Serikali, na haki yako juu yake inasimama kwenye hati, hasa ile certificat d'enregistrement, cheti cha usajili wa ardhi. Baada ya hapo wakaja watu wa cadastre, ofisi ya upimaji wa viwanja, kupima upya mawe ya mpaka. Aibu ya pili: mguu wa ukuta wangu ulikuwa umeingia sentimita 60 kwa mama. Yaani nilimwangushia ukuta uliokuwa tayari umesimama kwake.

Kisha mhandisi wa kuchora na kupiga hesabu, kisha faili kwenda kwa watu wa mipango ya mji. Hapo nilizungushwa. Ofisa mmoja, ambaye sitamtaja yeye wala ofisi yake, aliniambia mara mbili kwamba faili haionekani. Mara zote mbili nilitoa nakala yangu yenye muhuri wa kupokelewa, na ikaonekana. Kwa hiyo peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Na pesa lipa benki, kwa karatasi, usimwekee mtu mkononi. Nasema ya wakati wangu. Tangu utawala ubadilike Februari 2025, uliza kwanza nani anapokea na nani anatia sahihi, kabla hujatoa hata faranga.

Lakini nataka kueleza siku ya ukaguzi. Alikuja fundi wa serikali, kijana, buti zimejaa tope. Hakuangalia mawe yangu wala simenti. Aliuliza, "Maji yataenda wapi?" Nikaanza kumweleza unene wa ukuta. Akaniacha niongee, akachuchumaa, akachukua donge la udongo, akalitemea mate, akalisokota kiganjani mpaka likawa uzi mwembamba kama tambi. Halikukatika. "Ukisokoteka hivi," akasema, "unanasa maji." Akanyoosha kidole kwenye paa langu: mvua yote ya bati ilikuwa inashukia nyuma ya ukuta.

Huu udongo wetu mwekundu ni mawe ya volkeno yaliyooza. Ukiwa mkavu unaukata wima na unasimama, unakudanganya. Ukilowa unakuwa mzito na kuteleza, na maji yakinaswa nyuma ya ukuta yanausukuma kuliko udongo wenyewe. Ukuta wangu haukuwa na tundu hata moja. Jasho aliloliona mama ndilo lilikuwa linatafuta njia.

Kibali kilitoka baada ya miezi mitano, na masharti yake: msingi ushuke hadi udongo mgumu, unene wa mita 1.40 chini na sentimita 50 juu, mawe na kokoto nyuma, mabomba ya PVC ya kutoa maji ukutani kila mita moja na nusu, mfereji wa maji ya paa, na makubaliano ya maandishi na jirani wa chini kuhusu mahali maji yatakapopita. Lile la mwisho ndilo lililonishinda karibu mwezi mzima. Ilinibidi nishuke ngazi nibishe hodi kwake.

Vijana, msinichoshe na habari ya "kibali ni kula pesa za watu". Wapo wanaokula, nimewaona kwa macho yangu. Lakini katika safari yangu yote ni kwenye kibali tu ndipo mtu aliponiuliza habari ya maji, ukimwondoa mama ambaye sikumsikiliza. Na kama parseli yako iko sehemu kama Funu, ambako mlima wenyewe unateremka polepole na milango ya watu haifungi tena, usijenge kabisa. Hapo hata ukuta wa Farao hauzuii kitu. Kwingine, karatasi kwanza, mawe baadaye. Maji kwanza. Nimeshasema, narudia: maji kwanza. Kijana wa Panzi, ukuta wa kubeba udongo ni jengo. Mwambie fundi wako aache kucheka, mawe hayaozi, yasubiri kiangazi cha Juni.

Mama bado hanisalimii. Chini ya bomba la tatu kutoka kushoto ameweka bidoni ya njano, anakinga maji ya kufulia. Jumamosi alimtuma mjukuu wake mdogo. Mtoto alisimama mlangoni, akasema alichoambiwa kama shairi la shule: "Bibi anasema tundu moja limeziba." Nilivaa buti nikashuka.