Barua kwa mwanangu: usiiache kimyakimya

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza alfajiri, nikaurudia mara tatu. Unasema leo ni siku ya sita tangu uanze fluoxetini, kichefuchefu hakikatiki, usingizi umepotea, mikono inatetemeka hata ukishika chaki. Ukaniuliza: "Baba, hii dawa inaniumiza kuliko sonona yenyewe. Niache?"

Usiiache kimyakimya. Kesho asubuhi mpigie daktari aliyekuandikia, au urudi kliniki, umweleze yote kama ulivyonieleza mimi. Nakuambia hivi kwa sababu mimi niliwahi kuacha, na hukuwahi kujua.

Mwaka 2008, baada ya kumzika babu yako, niliugua. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza shule, ukaambiwa baba ana malaria. Haikuwa malaria, ilikuwa sonona. Niliandikiwa amitriptilini, vidonge viwili vya miligramu 25 kila usiku. Ulimi uliganda kwenye kaakaa. Mama yako aliniwekea kikombe cha maji juu ya kigoda, nikawa nakipapasa gizani mara nne, mara tano kwa usiku. Nikiinuka kwenda kutawadha, chumba kinazunguka. Nikajifunza kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, nihesabu hadi ishirini ndipo nisimame. Choo nacho kilifunga, papai lote la uani likaishia kwangu.

Daktari alinikataza kushika usukani mpaka nijue dawa inanikaaje. Sikumwambia tajiri wa lori nililokuwa naendesha, niliogopa kupoteza gari. Siku ya nane, karibu na Segera, nilisinzia. Lori likatoka nje ya lami, utingo akapiga yowe, nikalirudisha. Usiku ule vidonge vyote nilivitupa chooni, nikaona nimeponyoka sumu. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta, siongei na mtu.

Niliporudi kwa daktari, kwa aibu kubwa, hakunigombeza. Alinianzishia kidonge kimoja badala ya viwili, akawa anapandisha polepole. Ningempigia simu siku ile ya nane, ningepata msaada uleule.

Hiyo ya kwako si sawa na yangu, lakini nayo ina maudhi yake ya mwanzo: kichefuchefu, kichwa kuuma, kuhara, usingizi kuruka, wasiwasi. Mfamasia mmoja alinieleza kwamba serotonini, kemikali ambayo dawa yako inaigusa, sehemu kubwa iko tumboni, si kichwani. Ndiyo maana tumbo linatangulia kulalamika. Kwa wengi hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Nafuu yenyewe ndiyo inayochelewa: huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, na huweza kufika wiki ya sita au ya nane ndipo ikamilike. Yaani taabu inafika kabla ya faida, na watu wengi wanakata tamaa hapo katikati.

Meza kapsuli asubuhi, ukiwa umekula kitu, hata kipande cha kiazi na chai. Ukiimeza jioni inaweza kukufanya ukeshe. Kula kidogokidogo, acha mafuta mengi kwa sasa, na kahawa ya mchana iache kabisa. Ukisahau siku moja, usimeze mbili kesho yake. Kichwa kikiuma, panadol inatosha. Diklofenaki na tramadoli, nazo dawa za maumivu, usizimeze bila kumwuliza daktari, kwa sababu diklofenaki pamoja na dawa yako zinaweza kutoa damu tumboni, na tramadoli ni hatari zaidi ya hapo. Pombe iache. Na ile mizizi ambayo shangazi yako atataka kukutumia, pokea, shukuru, uiweke kabatini mpaka daktari aijue.

Kuna jambo baba na mtoto hawaliongei, nami nitalisema mara moja tu: dawa hii inaweza kupunguza hamu ya mapenzi. Ikitokea, si wewe uliyeharibika. Mwambie daktari, yapo mambo ya kufanya.

Sasa lile ninalotaka ulisome mara mbili. Una miaka 23. Kwa vijana wa chini ya miaka 25, wiki za mwanzo za dawa hizi zinaweza kuleta au kuzidisha mawazo ya kujidhuru. Ukiyaona, au ukijikuta huwezi kutulia kabisa, unatembea chumbani usiku kucha, hilo si la kuvumilia. Nipigie saa yoyote, mgongee mwenye nyumba, mwende hospitali usiku huohuo. Ukipata joto kali, misuli ikakakamaa, akili ikachanganyikiwa, vivyo hivyo. Sitakuuliza kwa nini umeniamsha.

Nafuu yangu sikuiona mimi. Wiki ya nne hivi, tangu nianze upya, mama yako alikuwa anachagua mchele barazani, akaniambia, "Umepiga mluzi bafuni leo." Sikukumbuka. Alisema ulikuwa wimbo mzima, mpaka mwisho.

Jumamosi napanda basi la alfajiri kuja Dodoma, nitakaa nawe wiki nzima. Mama yako ameshaanza kufunga tangawizi na machungwa. Kesho ukishazungumza na daktari, nitumie ujumbe alivyosema, neno kwa neno.

Baba yako