Mimi naipenda Queen of the Damned, na sababu ni Aaliyah

Mkuu, umeuliza kama yupo mwingine anayeipenda Queen of the Damned, filamu ya wanyonya damu ya 2002, licha ya wahakiki kuiponda. Nipo, tena naipenda hasa! Wasomaji wa mwandishi Anne Rice wana haki kulalamika, maana riwaya zake mbili nene zimebanwa kwenye filamu moja. Lakini mtazame mwimbaji Aaliyah, anayeigiza malkia mwenyewe, anavyoingia kwenye ile baa ya wanyonya damu: anatembea taratibu, mabega yakijipinda kama nyoka, anamchomoa mmoja moyo kifuani, kisha wengine anawateketeza. Inauma kwamba alifariki kwa ajali ya ndege Agosti 2001, kabla filamu haijatoka. Kaka yake Rashad alisaidia kuingiza baadhi ya sauti za mhusika wake. Nyimbo za filamu za Jonathan Davis wa bendi ya Korn nazo zisikilize kwa spika kubwa.