Laptopu haioni hotspoti ya simu mpya

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina Windows 10, na siku zote naiunganisha kwa hotspoti ya simu. Nimebadilisha simu, na sasa laptopu inaonyesha Wi-Fi za majirani wote ila hotspoti yangu haimo. Nimeambiwa kadi ya Wi-Fi iliyo ndani ya laptopu imekufa, ninunue nyingine. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Weka hela yako mfukoni kwanza. Kadi iliyokufa haioni Wi-Fi ya mtu yeyote. Yako inaona za majirani. Kuna uwezekano mkubwa kwamba simu mpya inarusha hotspoti kwa masafa ya GHz 5, na kadi yako inasikia ya GHz 2.4 tu. Ni sawa na redio isiyo na FM: stesheni ipo hewani, lakini haitaikamata.

Hakikisha hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, piga Enter. Kwenye dirisha jeusi andika netsh wlan show drivers, kisha tafuta mstari wa Radio types supported. Ukikuta 802.11b, 802.11g na 802.11n peke yake, ndiyo hiyo. Kadi ya GHz 5 ingeonyesha pia 802.11a au 802.11ac.

Dawa iko kwenye simu. Kama ni Android, ingia mipangilio ya hotspoti, tafuta bendi (simu nyingine huificha kwenye mipangilio ya ziada) na uchague GHz 2.4. iPhone 12 na zilizofuata zina swichi ya Maximize Compatibility kwenye ukurasa wa Personal Hotspot, iwashe. Zima hotspoti, iwashe upya.

Ikionekana lakini ikakataa nywila ambayo una hakika nayo, angalia aina ya ulinzi. WPA3 huzishinda kadi nyingi za zamani, weka WPA2. Usiiache wazi bila nywila, majirani hao hao watakumalizia bando.

Ukitaka GHz 5 kwa lazima, nunua kidude cha Wi-Fi cha USB kilichoandikwa ac. Vile vidogo vya N150 ni GHz 2.4 tena, utakuwa umerudi ulipotoka.

SWALI: Baada ya kusasisha Windows, alama ya Wi-Fi imetoweka kabisa. Msomaji, Nakuru.

JIBU: Mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya Wi-Fi. Unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe USB tethering, upate intaneti bila Wi-Fi. Fungua Device Manager, Network adapters, bofya mara mbili jina la kadi, na kwenye kichupo cha Driver ubonyeze Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa namba ya modeli iliyo chini yake. Kadi isipokuwepo kabisa kwenye orodha, zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha washa. Ikiwa bado haipo, hapo sasa mpe fundi aifungue. Huenda kadi imelegea kwenye sloti yake.