Glasi za kale za waini: kitako kwanza, nakshi baadaye

Nyie mnaoanza hii biashara ya vitu vya kale huku Uingereza, nakshi itawamaliza, mimi ilinimaliza. Glasi za waini za Kiingereza za kama 1770 mpaka 1800 zimechorwa mashada yanayoning'inia, vyungu vya Kirumi, saa nyingine hadi fuvu la ng'ombe, maana enzi hizo watu walikuwa wamechizika na Roma ya kale, Pompeii, mji wa Kirumi uliofunikwa na volkano, imeanza kufukuliwa 1748, msanifu majengo Robert Adam anajaza mapambo hayo hayo kwenye nyumba za matajiri, basi mafundi wa glasi nao wakafuata upepo. Nzuri, sikatai.

Mi nlinunua moja sokoni Jumamosi asubuhi, ina duara na msalaba, duara na msalaba kuzunguka mdomo, nikalipa bila hata kuomba punguzo. Bosi wangu akaishika dakika moja tu akacheka. Glasi ya kale kweli, ila nakshi kaongeza mtu baadaye sana ili ipande bei. Mchoro wa zamani una kijivu kilichotulia na mikwaruzo ya matumizi imepita juu yake, wa kwangu ulikuwa mweupe kama unga wa sembe! Nenda na lenzi jamani.

Kwa hiyo anza na kitako, ile sehemu ya chini glasi inayosimamia. Kwa kawaida kiwe kipana kuliko mdomo au vilingane, kikiwa chembamba kuliko mdomo shuku, pengine ukingo ulimeguka wakausaga. Kigeuze uone chini, mikwaruzo iende ovyo ovyo, hiyo ni miaka mia mbili ya kusukumwa mezani, ila ikilala upande mmoja kama nywele zilizochanwa ujue mtu kapiga msasa. Katikati kuna kovu la fimbo ya chuma ambayo fundi alishikia glasi akiitengeneza, na kwa zile zenye shina lililokatwa pande pande kama almasi kovu hilo mara nyingi limesagwa likabaki kishimo laini, usiogope.

Wengine watakwambia gonga usikie inavyolia. Kioo chochote chenye madini ya risasi kinalia, hata cha juzi. Uzito nao usikuzuge, kodi ya glasi ilikuwa inapigwa kwa uzito tangu miaka ya 1740 na 1777 ikapandishwa, so nyingi ni nyepesi tu.

Kuosha ni beseni la plastiki, maji vuguvugu, moja moja. Mashine ya vyombo hapana kabisa, inaacha ukungu hautoki tena.