Filamu yako imetoka njano? Usishangilie kwanza

Jana kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia inbox, filamu yake, yaani utando mwembamba wa dioksidi ya titani aliyoitia kaboni, imetoka njano, anauliza aanze kuandika makala? Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana mi mwenyewe nilishangilia hivyohivyo na yaliyonikuta bado yananiuma.

Unajua shida yetu wote: anatasi, aina ya fuwele ya dioksidi ya titani, pengo lake la nishati (nishati ya chini kabisa ya mwanga inaoweza kuunasa) ni elektrovolti (eV) 3.2 hivi, inanasa urujuanimno tu, na kwenye mwanga wa jua huo ni kama asilimia 5 basi. Ndo maana tunahangaika kuitia kaboni ili inase na mwanga unaoonekana, na ikitoka njano tunadhani imekubali. Mi nilikuwa napiga sputa, yaani ayoni za gesi zinagonga bamba la titani (tageti) atomu zake ziruke zikatue kama filamu, na argoni, oksijeni na kaboni dioksidi kidogo kwenye chemba. Ile miezi ya kusaka vakyumu inavujia wapi naiacha, inachosha hata kuisimulia.

Siku hiyo sampuli ikatoka njano safi. Nikaipeleka kwenye XPS, kipimo cha eksirei kinachoonyesha uso una elementi gani na zimeshikana na nini, nikaona kilele cha kaboni pale eV 284.8 kimesimama kama mlingoti, weee, nikatangazia maabara nzima, nikaandika, nikatuma. Mhakiki akajibu kwa ufupi tu kwamba kaboni hiyo ni ya hewani. Yaani uchafu! Kitu chochote kikikaa hewani kinapata utando wa kaboni juu yake, hata kioo kitupu. Kaboni iliyoshikana na titani inakaa chini zaidi, karibu na eV 282, na kwangu hapo palikuwa shwari kama maji ya mtungini.

Na ile njano je? Nikaishika filamu chini ya taa nikaiinamisha taratibu, njano ikahama ikawa kijani, nikainamisha tena ikaingia uwaridi. Ulikuwa unene tu jamani, kama mafuta juu ya dimbwi. Nilikaa chini.

Kwa hiyo nisikilizeni, tena nasema kwa uchungu: tengeneza filamu isiyo na kaboni, unene uleule, joto lilelile la kuichoma, uzilinganishe. Bila hiyo hujapima kitu. Usikimbilie kuchubua uso kwa ayoni za argoni ukidhani umemaliza, zinaweza kuisukuma kaboni ya juu ndani ikajishika na titani, ukaona karbaidi uliyoitengeneza mwenyewe. Na jaribio la methilini bluu, ile rangi tunayoangalia ikififia ili kujua kama filamu inafanya kazi, chini ya mwanga unaoonekana linadanganya, rangi yenyewe inanasa mwanga huo, inaweza kufifia bila kaboni yako kufanya lolote. Filamu isiyo na kaboni, narudia, maana najua mtairuka, mi niliiruka kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Mdogo wangu, iinamishe kwanza chini ya taa, halafu niandikie njano imebaki palepale au imehama.